Tarakimu Sita

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani methali hiyo ni ya mitihani tu, hadi nilipogundua kwamba kilichomla Mama kilikuwa mimi mwanawe, tena ndani ya duka la nguo!

Mama anauza sare za shule pale Kawangware, jijini Nairobi. Mwuza sare ana mavuno mara moja kwa mwaka, mwezi wa Januari. Miezi mingine ni kushona vifungo na kungoja. Zamani wazazi walikuja wenyewe na watoto wao wakapimwa. Lakini tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, jiji letu limezoea kulipa kwa simu, hata mwenye kuchoma mahindi barabarani ana nambari yake ya kulipia. Mama naye akafungua kundi la wateja kwenye WhatsApp. Mzazi anaandika, "Mama Sare, niwekee sweta saizi 28," analipa, kisha anatuma mtu wa bodaboda aichukue. Waama, duka zima lilikuwa limehamia ndani ya simu ile, nasi bado tulikuwa tukifunga mlango kwa kufuli tatu!

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 6 Januari 2024. Shule zingefunguliwa Jumatatu. Duka lilijaa pomoni. Mama alikuwa nyuma akimpima kijana mmoja kiuno, mimi nikaachiwa simu. Ikalia.

"Habari ya kazi? Hapo ni kwa Mama Sare?" aliuliza mwanamume mmoja kwa sauti ya upole. "Tunaandika orodha ya maduka ya sare ili wazazi wa mtaa wayajue. Nimekutumia nambari kwa ujumbe. Hebu nisomee nikuingize."

Nikatazama. Zilikuwa tarakimu sita, na pamoja nazo onyo kwamba nisimpe mtu yeyote. Sitasema sikuliona. Niliona. Lakini foleni ilikuwa ndefu, mzazi mmoja alikuwa akinigombeza ati amesimama tangu asubuhi, na yule bwana alikuwa na adabu kuliko wote waliokuwa dukani. Nikamsomea.

"Asante sana, Mungu akubariki," akasema. Baraka hiyo hunikera hadi leo.

Kumbe nambari ile haikuwa ya orodha yoyote. Ni ufunguo ambao WhatsApp humtumia mwenye laini ili afungulie akaunti yake kwenye simu nyingine. Punde si punde akaunti ikajifunga kwenye simu yetu. Mimi nikadhani bando limeisha! Wakati huo huo Mama Sare mwingine alikuwa kundini akiwaandikia wazazi kwamba nambari yetu ya kulipia imeharibika, watume pesa kwa nambari nyingine, na watakaolipa kabla ya saa kumi watapunguziwa bei.

Saa kumi na moja mama mmoja alikuja kuchukua mzigo wake. Mama akamwambia hajaona malipo.

"Mama Sare, si umeniandikia wewe mwenyewe?" akauliza, akitoa simu yake.

Mama alisoma ujumbe ule pole pole, kisha akanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wazazi watatu walikuwa wamekwisha kutuma, jumla shilingi 9,750.

Jioni hiyo tuliomba nambari mpya, tukaiingiza, na mwizi akatolewa. Lakini alikuwa ameshaweka PIN yake, ile ya hatua ya pili ambayo sisi hatukuwahi kuiweka. Asiyeijua hungoja siku 7. Siku 7, wiki ya kufungua shule! Kilichotuokoa ni daftari la vipimo la Mama, lile nililokuwa nikilicheka kwamba ni la kizamani. Lilikuwa na majina na nambari za simu. Jumapili nzima tulipiga simu, mzazi mmoja baada ya mwingine, hadi sauti zikatukauka.

Tuliripoti kituoni tukapewa nambari ya OB. Sheria ya makosa ya mtandaoni ipo tangu mwaka 2018, lakini laini iliyopokea pesa ilikuwa imezimwa.

Mjomba alijaribu kunifariji. "Hata serikali ilivamiwa, sembuse wewe?" Alikuwa akisema juu ya Julai 2023, wavamizi walipolemea eCitizen kwa maombi mengi ya uongo, mfano wa watu elfu wanaojazana mlangoni wakiuliza bei bila kununua, mpaka mnunuzi wa kweli akose pa kupita. Namshukuru Mjomba, lakini mfano wake haukunifaa. Kule mlango ulisukumwa. Mimi niliufungua, nikasema karibu.

Siku hizi akaunti ina PIN ya hatua ya pili. Nambari ya kulipia imeandikwa kwa rangi ukutani na juu ya kila risiti, na wateja wameambiwa kuwa ikibadilika watapigiwa simu na Mama mwenyewe, wasikie sauti yake. Mteja akionyesha ujumbe kwamba amelipa, Mama hatazami simu ya mteja, anatazama salio lake. Anayeomba tarakimu kwa simu hukatiwa hata kabla hajamaliza salamu. Wengine, nadhani, walikuwa watu wema tu.

Wale wazazi watatu Mama aliwapa sare zao zote. "Walilipa jina langu," alisema. Mimi nilirudi shuleni na viatu vya mwaka uliopita, na Mama hakunikemea hata siku moja, jambo lililoniuma zaidi.

Januari 2025 wawili kati yao walirudi kununua. Wa tatu hakuja. Mtoto wake namwona kanisani, na kila nikimwona macho yangu hukimbilia sweta yake. Si ya dukani kwetu.