Njia ya Zahanati

Jumatatu, 8 Januari 2018. Newala

Mvua usiku kucha. Njia ya zahanati imekatika tena pale kwenye mwembe, udongo wote umeondoka, limebaki korongo. Bodaboda wamegoma kushuka. Mama mmoja kaletwa kwa miguu, uchungu umeshamkolea, wifi yake kamshika huku, mama mkwe huku. Amejifungua salama, mtoto wa kiume, analia kwa nguvu zake zote. Furaha iliyoje! Kisha mama mkwe akanishika mkono: "Nesi mwanangu, hizo hela za afya mnazipeleka wapi, mbona njia hii?" Nikababaika.

Jumatano, 10 Januari

Tumeletewa ukomo wa bajeti. Mwaka huu fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, kamati tunapanga wenyewe. Raha hiyo! Nimeandika tenki la maji ya mvua la kwanza kabisa. Huku juu maji ni fedha: chanzo chetu cha Mitema kiko bondeni, kila tone lipandishwe kwa pampu, pampu ikikwama tunanunua kwa dumu. Na mzazi haoshwi kwa maneno.

Njia je? Haina kifungu kwangu. Tangu Julai barabara za huku ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mgonjwa ni wa idara moja, njia anayopita ni ya wengine. Nimefunga daftari nikiwa na hasira.

Jumamosi, 13 Januari. Masasi

Nimeshuka na lori la mizigo, tope mpaka mlangoni. Nimelala kwa dada. Milima ya mawe imeoshwa na mvua, inapendeza. Uani kwake hapapendezi. Mtaro umeziba taka, maji meusi yamesimama kizingitini. Wanawe wawili wanaharisha. Nimewapa ORS, nimesimamia maji yachemshwe. Mtaro ule ungezibuliwa mapema, wanangu hawa wasingeugua. Lakini kwenye bajeti kuzibua mtaro hakuitwi afya. Kwa nini?

Ijumaa, 19 Januari. Newala

Kamati ya maendeleo ya kata, tangu asubuhi hadi alasiri. Wazee wa korosho wamekuja na hesabu zao kichwani. Mnadani msimu huu bei imepita 4,000 kwa kilo. Ushuru wa halmashauri asilimia 3, yaani shilingi 120 kila kilo. "Malori yote yale yaliyoondoka, hizo mia na ishirini zetu ziko wapi?" Nilikuwa upande wao. Afisa mipango, kijana mpole, akaeleza: ushuru umeshuka mwaka jana kutoka asilimia 5, mkulima kapata nafuu, halmashauri imepungukiwa. Kuna asilimia 10 ya vikundi vya akina mama na vijana, kuna madarasa, kuna posho za vikao (hapo watu waliguna). Hakuficha kitu, nikampenda.

Nikasimama. Nikasimulia ya Jumatatu ile ya mvua, jina la mama nikaliacha. Diwani akauliza: kalavati moja shilingi ngapi? Hakuna aliyejua. Miaka yote tunaililia njia ile, na bei yake hatujawahi kuiuliza!

Jumanne, 23 Januari

Fundi kapima. Kalavati moja na mtaro wa mawe ubavuni. Mtaa umekubali kuchimba na kusomba mawe na mchanga. Mtendaji anaandika barua kwa meneja wa TARURA, njia ya zahanati iwe ombi la kwanza la kata. Saruji tunaiomba kwenye mapato ya ndani ya halmashauri. Diwani atalibeba ombi hilo hadi kamati ya fedha.

Ninachohofia ni mkasi. Fedha zikipungua hukatwa vya chini ya orodha, vile vidogo visivyo na mtetezi. Nimemwambia diwani: mzee wangu, iandike juu. Kaandika, nimeona kwa macho yangu.

Tenki limepita. Kalavati bado. Baraza la bajeti likikaa nitaomba ruhusa ya zamu niende. Kikao ni cha wazi, nitakaa na wananchi nisikilize mstari ule ukisomwa.