Kalenda ya Dukani

Juzi mjukuu wangu, mzaliwa wa Kitengela, alinikuta nikipigilia msumari ukutani. "Babu, kalenda ya nini, na simu unayo?"

Kwetu, nje ya mji wa Kajiado, kalenda ilitoka kwa mzee mmoja mwenye duka upande wa stesheni. Ukiingia mle unapokelewa na mafuta taa, tumbaku na magadi, vyote vikigombania pua moja. Kila Desemba alizitoa kalenda chini ya kaunta, zimeviringishwa na kufungwa uzi, ila si kwa kila mtu. Kwanza alifungua daftari la mkopo. Mwenye deni aliambiwa kwa upole, "Mama, zako bado hazijafika," na dukani wote walielewa. Ukuta mtupu Januari ulikuwa tangazo.

Yeyo, mama yangu, hakujua kusoma, lakini kalenda ilikuwa yake. Sisi wa shule tulishika tu kalamu. Duara: ng'ombe kapandwa, tunahesabu miezi tisa na siku kadhaa, tunaweka duara la pili. Msalaba: kliniki ya mtoto. Baba hakuiamini. Yeye alitazama Inkokua, nyota za kilimia, ambazo Wamaasai huziona zikifuatana kama ng'ombe. Zikishapotelea magharibi, mvua kubwa imekwisha, karatasi iseme itakavyo. Mara nyingi alipatia.

Kalenda za zamani hazikutupwa. Ya 1989 ilirudi ukutani 1995, maana siku zilianguka vilevile, na mwaka huo hatukuhitaji hisani ya mwenye duka. Kitinda mimba wetu kazaliwa lini? Huendi kwa chifu, unafungua sanduku la Yeyo. Ya 1984 ina maduara hadi Agosti tu. Baada ya hapo hakukuwa na ng'ombe wa kuhesabia.

Upande wa Kitengela, ranchi ya kundi iligawanywa 1988, viwanda vya EPZ vikaja Athi River, zikafuata ploti, nyaya, ghorofa. Kalenda sasa huletwa na wauza ploti na wagombea kura: sura ya mtu imejaa karatasi nzima, tarehe zimebanwa chini, hata duara halitoshi. Ni picha hizo, wala si kalenda. Na simu hukukumbusha leo, kesho inaibwa stejini na kila kitu ndani yake.

Kama mama yako bado anazo kalenda za zamani, zikunjue wiki hii. Nakili tarehe za kuzaliwa na za mahari kabla mtu hajaziwashia jiko.