Kipimo na Jina Lake

Binadamu hupima mambo mengi kuliko ajuavyo. Akiamka hupima saa. Akienda sokoni hupima nafaka na nguo. Akirudi nyumbani hupima chumvi kwa ncha za vidole. Na mtoto wake akiugua hupima homa kwa kiganja cha mkono. Kazi hii huifanya bila ya kuifikiri, kama avutavyo pumzi. Mimi nilikuwa mmoja katika watu wa namna hiyo mpaka usiku mmoja wa masika ya mwaka 2014, katika nyumba ya bibi yangu, Kariakoo. Usiku huo nilifundishwa kwamba kipimo kisichotajwa jina lake ni nusu ya habari, na kwamba nusu ya habari yaweza kuwa mbaya kuliko kukosa habari kabisa.

Kabla ya kusimulia usiku huo sina budi kumweleza msomaji mahali penyewe. Kariakoo ni jina lililotokana na mizigo. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, jengo la soko lililojengwa na Wajerumani liligeuzwa kuwa kambi ya wachukuzi wa vita, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, likalainishwa na ndimi za wenyeji. Soko jipya, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Moto wa Julai 2021 uliliunguza, walakini biashara ya mitaa iliyolizunguka haikunyamaza.

Mtu atembeaye katika mitaa hiyo kwa nusu saa hupita katika nchi nyingi za vipimo pasipo kuvuka mpaka. Nyanya zimepangwa mafungu, na fungu halina uzito ila bei. Maharage huuzwa kwa kilo hapa, na hatua chache mbele huuzwa kwa sado, yaani ndoo ndogo ya lita 4 iliyokuwa ya rangi. Mafuta ya kula ni lita, ila muuzaji mtu mzima atakutajia debe. Na debe asili yake ni bati la mafuta ya taa la galoni 4, ambazo kwa hesabu ya leo ni lita 18 na kidogo. Mbao ya mbili kwa nne ni inchi, urefu wake ni futi, na nondo itakayolala karibu yake ni milimita. Kitambaa ni mita, hali khanga ni doti. Televisheni ya inchi 32 hupimwa mshazari, kutoka pembe hata pembe, na wanunuzi wengi hudhani huo ni upana wake. Kiatu ni namba 42 kwa hesabu ya Ulaya bara na namba 8 kwa hesabu ya Waingereza, mguu ukiwa ule ule. Katika mchanganyiko huo watu hawapotei sana, kwa sababu kila bidhaa imezoea lugha yake, na auzaye na anunuaye wote wawili wamo ndani ya lugha hiyo. Hatari huanza pale kipimo kinapotoka kwa watu wake na kuingia kwa watu wengine bila ya kutambulishwa.

Bibi yangu alizaliwa katika miaka ya 1930. Katika ujana wake aliuza mchele barazani kwake, Mtaa wa Narung'ombe, na pishi yake ilikuwa ingali chini ya kitanda nilipokuwa mtoto. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba vibaba 2 ni kisaga, na visaga 2 ni pishi. Kwamba ratili ina wakia 16. Kwamba mikono 2 ni wari na mikono 4 ni pima. Nilipomwuliza mkono wenyewe ni wa nani, alicheka akasema kwamba swali hilo ndilo lililowatajirisha wenye maduka ya nguo: mwenye mkono mfupi aliwekwa kuuza, na mwenye mkono mrefu alitumwa kununua. Na katika kibaba chenyewe palikuwa na vibaba viwili. Kimoja ni kibaba cha tele, kilichojazwa hata kikafanya kilele juu ya ukingo. Cha pili ni kibaba cha mfuto, kilichopitishwa kijiti juu yake hata kikawa sawasawa. Chombo ni kimoja, jina ni moja, mchele si mmoja. Kwa hiyo Bibi hakumjibu mteja bei yo yote kabla ya kumwuliza kwanza: "Cha tele au cha mfuto?"

Sasa nirudi katika usiku ule. Dada yangu alikuwa amekuja kukaa kwa Bibi na mtoto wake wa miaka mitatu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alasiri, na baada ya sala ya isha mtoto akashikwa na homa. Palikuwapo nyumbani kipimajoto kipya, zawadi ya jamaa yetu akaaye Marekani, na hapana aliyekuwa amekitumia bado. Dada alikitia kwapani mwa mtoto, akangoja kilie, akakitoa, akasoma, kisha akapiga kelele: "Mia moja na mbili!"

Dada yangu ni mtu aliyesoma. Alijua kwa hakika kwamba maji huchemka yakifika nyuzi 100, na kwamba hakuna mwanadamu awezaye kuifikia hesabu hiyo akabaki hai. Kwa muda mfupi elimu yake ilimtoa akili. Mara alisema kwamba chombo ni kibovu, mara kwamba mtoto anakufa. Na baina ya mawazo hayo mawili hakuweza kuchagua, akasimama katikati ya chumba akilia, hali mtoto anangojea. Bibi, ambaye hakupata kusoma shule ya serikali hata siku moja, aliinuka polepole, akaweka nyuma ya kiganja chake shingoni mwa mtoto, kisha kifuani. Akasema, "Ana homa kali, lakini hachemki." Akanigeukia mimi, akauliza, "Mia hiyo ni mia ya nani?"

Swali hilo lilinizindua. Nilikichukua kipimajoto nikakitazama chini ya taa, nikaona pembeni mwa tarakimu herufi ndogo mno, ya kuashiria Fahrenheit, kipimo ambacho Wamarekani hukitumia hata leo nyumbani mwao. Tarakimu kamili ilikuwa 102.2. Nilitoa 32, zikabaki 70.2, nikagawanya kwa 9, nikapata 7.8, nikazidisha kwa 5, nikapata 39. Nyuzi 39 za Celsius ni homa ambayo kila mama wa Kariakoo aijua. Si kifo, wala si jambo la kulala nalo mpaka asubuhi. Tulimfunika mtoto shuka nyepesi tukatoka naye mvuani kutafuta gari.

Hospitali alipimwa upya, akachomwa kidole, akaonekana ana malaria. Tulipewa dawa ya malaria, na dawa ya maji ya kuteremsha homa. Mhudumu, ambaye safu ya wagonjwa mbele yake ilikuwa ndefu na usiku wake mrefu zaidi, alituambia tumpe mtoto hiyo ya maji kijiko kimoja, kila baada ya saa sita. Tulipofika nyumbani dada alifungua chupa, akatwaa kijiko cha wali kilichokuwa mezani. Bibi akamshika mkono. "Kijiko kipi, mwanangu? Cha chai au cha wali?" Hakuna aliyejua. Nilisoma maandishi ya kisanduku: mililita 5. Kijiko cha chai huchukua kadiri ya mililita 5, na kile kilichokuwa mkononi mwa dada kadiri ya 15. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa karibu kupewa dawa mara tatu ya kipimo chake, usiku kucha, kwa mikono ya wampendao. Siwezi kusema kwamba mhudumu alidanganya. Alisema kweli kwa lugha ya mahali pake, kama muuza mchele asemaye kibaba. Kosa lilikuwa katika njia, baina ya kinywa chake na meza yetu.

Siku ya pili, homa ilipoanza kushuka, Bibi alitaka nimweleze habari ya mia ile. Nilimwambia kwamba ni kama saa. Sisi tunasema saa moja asubuhi, Mzungu anasema saa saba, na jua ni lile lile. Sisi tulianza kuhesabu jua linapochomoza, yeye alianza usiku wa manane. Alielewa mara moja, akasema, "Basi toa sita." Hapo ndipo nilipotambua kwamba mfano wangu umefika nusu ya njia. Baina ya saa zetu na zao tofauti ni mwanzo tu, hatua ni sawa. Baina ya Celsius na Fahrenheit mwanzo ni mbali mbali, na hatua pia si sawa. Nilimchorea ngazi mbili za ghorofa moja: chini maji yanaganda barafu, juu maji yanachemka. Ngazi moja ina vidato 100, na ya pili ina vidato 180, na mwenye ngazi ya pili hakuanza kuhesabu sakafuni, bali alipokanyaga sakafu alisema tayari 32. Bibi alizitazama ngazi zangu kwa kitambo, akasema, "Nyumba ni moja, lakini mwenye kupanda lazima aseme amepanda ngazi ipi."

Wanafunzi wa elimu ya maumbile wanajua kwamba hata wenye kubuni ngazi hizo hawakuteremshiwa kutoka mbinguni. Fahrenheit aliitangaza yake mwaka 1724. Celsius, Mswidi, alipoitoa ya kwake mwaka 1742, aliliweka sifuri penye maji yachemkayo na mia penye barafu. Haikupita miaka mingi watu wakaigeuza juu chini, nasi twaitumia hivyo ilivyogeuzwa. Ngazi hizo mbili hukutana mahali pamoja tu, nyuzi 40 chini ya sifuri, ambapo hakuna haja ya kuuliza. Lakini baridi hiyo haijafika Kariakoo. Mahali pengine pote swali la Bibi ni la lazima.

Asidhani msomaji kwamba swali hilo ni la watu wa barazani peke yao. Mwaka 1983 ndege kubwa ya Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu waliohesabu mafuta walichanganya ratili na kilo, ikaruka ikiwa na chini ya nusu ya mafuta iliyohitaji. Ilitua Gimli bila ya injini, na kwa bahati njema watu wote walisalimika. Mwaka 1999 chombo cha Wamarekani kilichopelekwa sayari ya Mirihi kilipotea kwa kuwa kundi moja la mafundi lilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya ratili, na kundi jingine likazipokea kama vipimo vya mita na kilo. Mafundi hao walikuwa na elimu iliyopita yangu na ya dada yangu. Walilokosa ni mtu mmoja wa kuuliza: ratili au kilo?

Aghalabu kutouliza ni ajali, lakini mara nyingine ni hila. Wakulima wetu waijua lumbesa: gunia hujazwa hata midomo yake haikutani, likashonewa juu kilemba cha viazi au vitunguu, kisha likalipwa bei ya gunia. Hicho ni kibaba cha tele kinunuliwacho kwa bei ya mfuto. Serikali imeikataza, na Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya wafanya biashara. Lakini mkulima aliye porini, ambaye mazao yake yataoza kesho, haulizi wala haulizwi. Mwenye haja ya kuuza hunyamaza, na mwenye nguvu huliacha neno "gunia" likae peke yake bila ya kilo zake. Kwa hiyo kukitaja kipimo kwa jina si adabu ya lugha tu, bali ni sehemu ya haki. Nimesikia wenzangu wakilaumu vipimo vya kale kuwa vya ujinga, na wengine wakilaumu vipya kuwa vya kigeni. Mimi siwezi kuungana na upande wo wote. Kilo ni njema kwa kuwa ni ile ile Kariakoo na Kigoma. Na pishi ilikuwa njema maadamu aliyeishika alikuwa mtu wa kuuliza kwanza.

Mtoto alipona. Kipimajoto kile hatukukitupa, maana hakikuwa kibovu. Kilikuwa mgeni ambaye hakutajiwa wenyeji. Nilikata kipande cha karatasi nikaandika juu yake kwamba mia ya chombo hiki si mia yetu, na kwamba mtu akiona 100.4 ajue ni 38. Bibi alisoma herufi za Kiarabu tu, alizojifunza chuoni alipokuwa msichana. Basi niliandika mara ya pili, kwa herufi zake, nikabandika karatasi zote mbili nyuma ya chombo. Bibi alizipitia taratibu, akakiweka kipimajoto ndani ya pishi yake, akairudisha pishi chini ya kitanda.