Msaada wa Serikali Upimwe Wapi?

Nyumbani kwetu tumezaliwa watoto wanne, na kitinda mimba wetu, ambaye sasa ana miaka tisa, ana usonji. Kwa wasiolijua jambo hili nitasema kwa ufupi tu: si jini wala si laana, ingawa maneno hayo tumeyasikia sana mtaani. Daktari Leo Kanner alilieleza mwaka 1943 baada ya kuwachunguza watoto 11 huko Marekani. Mdogo wangu hasemi, lakini asikia vizuri, na ajua saa ya chai kuliko sisi wenye saa mkononi.

Katika somo la Historia na Serikali tulijadili matumizi ya kodi, ndipo swali likanijia: serikali itoapo fedha kwa ajili ya mtoto kama huyu, akaaye kwao na wazazi wake, twajuaje kama fedha hizo zimefanya kazi?

Nikatafuta habari, nikakuta za msichana mmoja wa Iowa, Marekani, jina lake Katie Beckett. Alizaliwa mwaka 1978, akapata maradhi ya ubongo angali mchanga, akawa hawezi kupumua bila mashine. Mpango wa serikali uitwao Medicaid ulikubali kumlipia hospitalini, lakini akirudi kwao malipo yangekoma. Mwaka 1981 Rais Reagan alilitaja jambo hilo hadharani, na Katie akaruhusiwa kwenda nyumbani. Mwaka huo huo sheria iliyapa majimbo ruhusa ya kulipia huduma za nyumbani na za mtaani. Katie hakuwa na usonji, lakini kwa ruhusa za namna hiyo watoto wengi wenye usonji wamehudumiwa makwao.

Hoja moja kubwa ya wakati ule ilikuwa kwamba nyumbani ni rahisi kuliko hospitalini. Ni kweli, lakini mimi naiona hesabu hiyo kuwa nyembamba, maana sehemu ya urahisi wenyewe ni kwamba kazi ya muuguzi sasa yafanywa na mama, tena bila mshahara. Kipimo kilichonipendeza ni cha wataalamu wa huko waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2017. Wao waliwatazama wazazi, wakaona kwamba pale ruhusa hizo zilipotolewa kwa ukarimu zaidi, wazazi walioacha kazi kwa ajili ya mtoto walikuwa wachache zaidi. Hata hivyo, katika majimbo mengi watu hungoja miaka kabla ya kupata nafasi.

Sasa turudi kwetu Kenya. Mpango wa Inua Jamii huzipa nyumba maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi, nasi tumo katika daftari lake. Sisemi haya kwa kukosa shukrani. Lakini ukizigawa kwa siku 30, ni shilingi 66 na senti kadhaa kwa siku. Shule yenye kitengo maalum i mbali, na pikipiki, kwenda na kurudi, ni shilingi 200. Basi siku kumi, fedha zimekwisha, na siku za masomo katika mwezi ni kama 20.

Na siku anazokwenda, faida yake twaiona kwa macho. Mwalimu wa kitengo hicho alimfundisha kutumia picha: akitaka maji humpa mtu picha ya kikombe. Zamani alikuwa akilia mpaka tubahatishe. Siku asizokwenda hutoroka kuelekea barabarani, na mama hawezi kukaanga mahamri ya kuuza. Dada yangu mkubwa amekwisha kuacha masomo ya ushonaji mara moja ili amsaidie kumlinda. Katika daftari la malipo, mwezi huo pia umeandikwa kuwa umelipwa.

Likizo iliyopita nilimwuliza mama, kama afisa angekuja kupima msaada huu, angependa aulizwe nini. Akasema, "Mwanangu, na aniulize ni muda gani kwa juma nauza mahamri yangu bila kutazama barabara." Tukahesabu pamoja. Katika juma lenye nauli ni saa 15. Katika juma lisilo na nauli hazifiki mbili.