Jina la Jeni

Mwenzangu mmoja, mwalimu wa elimu ya viumbe, aliniomba nimtafutie neno la Kiswahili kwa tendo la jeni kutoa nakala za maagizo yake ndani ya seli. Nilimpa "usemi". Seli ya ini na seli ya ngozi zina jeni zile zile, walakini zinazosema inini si zote zisemazo ngozini. Neno lilimpendeza, naye akanifunulia jedwali lake.

Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zenye kuagiza protini. Jedwalini kila jeni ina mstari wake na kila mgonjwa ana safu yake. Zinapokutana huandikwa idadi ya nakala zilizohesabiwa. Mwanatakwimu hulinganisha wagonjwa na wazima, apate kujua tofauti ipi ni ya kweli na ipi imeletwa na bahati. Si kazi nyepesi. Mtu akiuliza maswali 20,000, na katika kila moja akaridhia hatari ya kudanganyika mara 5 kwa 100, atapata majibu ya uongo kama 1,000 hata ikiwa hapana jeni iliyobadilika. Mwaka 1995 Yoav Benjamini na Yosef Hochberg walitoa njia ya kuyadhibiti majibu ya namna hiyo, nayo yatumika hata leo.

Lakini hesabu njema yafaa nini ikiwa jina lililo mwanzo wa mstari limepotea? Ilikuwapo jeni iitwayo SEPT2, na nyingine MARCH1. Programu ya Excel ilipoyakuta majina hayo iliyadhani tarehe za Kiingereza, ikaandika 2 Septemba na 1 Machi pasipo kumwuliza mtu. Onyo lilichapishwa mwaka 2004. Mwaka 2016 Mark Ziemann na wenzake walionyesha kuwa, katika makala zilizoambatishwa orodha za jeni kwa Excel, karibu moja katika kila tano ilikuwa na kosa hilo. Baya zaidi, MARC1, jeni nyingine kabisa, nayo iligeuzwa 1 Machi. Tarehe moja ina wenyewe wawili, na hapana awezaye kuitazama peke yake akajua ni ya nani.

Mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu ilitangaza mabadiliko: SEPT2 ni SEPTIN2, MARCH1 ni MARCHF1, na MARC1 ni MTARC1. Wengi walishangilia. Mimi, niliyezoea kuona mgeni akifundishwa kulitamka jina la mwenyeji, niliona ajabu mwenyeji kubadilishwa jina kwa sababu mgeni hakulijua. Hata hivyo siilaumu kamati. Watafiti wasingeiacha Excel, na mgonjwa ambaye jeni yake imetoweka jedwalini hana haja na manung'uniko ya mwalimu wa lugha.

Mwaka 2023 Microsoft iliwapa watu uwezo wa kuizuia programu isibadili maandishi kuwa tarehe. Majina mapya yalikwisha kuzoeleka. Majedwali ya zamani yangaliko, na anayeyafungua leo kutafuta jeni bado hukutana na 1 Machi.