Meja Ahamiapo Ununuzi, Nyumba Nzima Huhama



Kaka yetu ni meja katika Jeshi la Wanamaji, na kambi ya Mtongwe i jirani na nyumba yetu ya Likoni. Baada ya miaka mingi melini na bohari, anakusudia kuomba ahamishiwe upande wa ununuzi na ugavi. Sisi dada zake, pamoja na mama na wifi yetu, tumelizungumza jambo hili kwa miezi kadhaa, na tumeonelea tuwashirikishe wenzetu wenye waume, kaka au wana katika utumishi wa umma.

Nia yake ina msingi. Umri wa afisa wa jeshi kustaafu hufuata cheo chake, na wengi huvua sare kabla ya kutimiza miaka 60 ambayo mtumishi wa kawaida wa serikali huipigania. Mwenye watoto wanaosoma hana budi kujiuliza mapema atatoka langoni na ujuzi gani. Ujuzi wa kununua wahitajika bandarini, hospitalini na katika kaunti.

Tena kazi yenyewe ni nzito kuliko tunavyoidhania. Watu wa Mombasa twaijua meli ya KNS Jasiri. Mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2003, ikajengwa Uhispania, na haikutia nanga kwetu hadi mwaka 2012, baada ya mabishano marefu juu ya mkataba huo. Kwa muda wote huo mabaharia waliendelea kulinda pwani kwa vyombo walivyokuwa navyo. Kaka yetu husema kwamba aliyewahi kusubiri kipuri baharini huandika mahitaji ya zabuni kwa namna nyingine, kwa kuwa ajua ni neno gani likiachwa chombo hakitaondoka gatini.

Uzoefu pekee hautoshi. Chini ya sheria ya mwaka 2007, mtaalamu wa ugavi sharti asajiliwe na taasisi ya KISM na awe na leseni. Kwa hiyo ameanza kupanga masomo akiwa bado katika kazi yake ya sasa, na kuisoma Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015. Humo amejifunza kwamba wanaotathmini zabuni na wanaokagua bidhaa zinapowasili ni kamati mbalimbali, ili pasiwe na mtu mmoja wa kuchagua, kupokea na kusifu. Uamuzi wa kumhamisha ni wa wakubwa wake, lakini maandalizi ni yake mwenyewe.

Lililotukalisha kitako zaidi ni la wifi yetu. Yeye ana duka la ushoni, hushona mashuka na mapazia, na amejisajili katika mpango unaowatengea wanawake, vijana na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali. Alikuwa akitazamia kuomba zabuni ya mashuka ya kambi. Mumewe akiingia ununuzi, mlango huo humfungia, kwani sheria haimruhusu afisa kuamua jambo ambalo yeye au jamaa yake wa karibu ana maslahi nalo. Ni riziki ya halali ambayo mke ataiacha kwa sababu ya cheo cha mume, wala si haki tuipitishe kimyakimya kana kwamba haina uzito.

Mama aliuliza swali moja tu: je, zile zawadi za Idi zitakazoanza kuletwa na watu tusiowajua tutazipokea? Sote twakijua kisa cha mkusanyaji wa sadaka aliyerejea Madina akisema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akauliza iwapo angeletewa zawadi hiyo lau angalikaa nyumbani kwa wazazi wake. Mama hakuhitaji kuongeza neno.

Basi tumeafikiana hivi. Wifi ataelekeza ushoni wake kwenye hoteli na shule za kibinafsi, na sisi dada zake tutachanga mtaji wa cherehani ya pili ili asibaki peke yake na hasara. Kikapu cha mtu tusiyemjua kitarudishwa mlangoni kwa adabu. Jamaa atakayeomba asaidiwe zabuni ataelekezwa kwenye tangazo la wazi kama mwananchi mwingine yeyote. Mali ya mume na ya mke itaandikwa daftarini kuanzia sasa, maana afisa wa umma hudaiwa tamko la mali ya nyumba nzima.

Barua ya maombi haijapelekwa. Wifi ndiye aliyeomba asubiri hadi cherehani ifike, naye kaka amekubali.