Maua ya Kitulo na Ada ya Shule

Akina mama wa Mbeya na Iringa tunapenda maua. Hata nyumba ndogo haikosi mkebe wenye ua mlangoni. Lakini wengi wetu tunazeeka bila kuiona bustani kubwa iliyo jirani yetu: Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu.

Mwezi Februari tulikwenda akina mama kumi na wawili pamoja na watoto. Kutoka Chimala gari lilipanda mlima kwa ile barabara ya kona 57, watoto wakizihesabu kwa sauti. Huko juu, mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, tulijifunga vitenge mabegani kwa baridi. Nyasi zilijaa maua ya njano, meupe na ya zambarau.

Tulielezwa kwamba uwanda huo una aina 350 hivi za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi. Ni kwa ajili ya mimea hiyo hasa Kitulo ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Katika miji ya Ulaya kama Berlin, okidi za nchi za joto hutunzwa katika nyumba za vioo zinazopashwa moto, na watu hulipa kiingilio kuziona. Zetu huota zenyewe mvua ikinyesha.

Chini ya okidi nyingi kuna kiazi kidogo. Hukaushwa, hutwangwa na kupikwa pamoja na unga wa karanga. Ndiyo chikanda inayopendwa sana Zambia. Mama mmoja mjane wa Matamba alitusimulia alivyokuwa akichimba ili apate ada ya watoto. Hatukumhukumu. Mama gani asiyeujua mwezi wa Januari? Lakini kila mwaka alilazimika kwenda mbali zaidi, maana ukishang'oa kiazi, ua halirudi. Siku hizi analima viazi mviringo na pareto. "Viazi mviringo tunabakiza mbegu," alisema. "Chikanda nani anabakiza?"

Mama mpendwa, neno hilo litufae nyumbani pia. Shida ya leo isile mbegu ya kesho. Ukipata nauli, wapeleke watoto Kitulo kati ya Desemba na Aprili. Wavalishe masweta, na wafundishe kutazama ua bila kulichuma.